Ziara ya Kuonja Mlangoni kwa Shangazi

Jumamosi nilijiunga na ziara ya miguu ya kuonja vyakula vya Mji wa Kale. Mimi ni mwenyeji, lakini safu yangu ya gazetini haijiandiki. Tulikuwa sita, na mmoja wetu alikuwa bwana wa makamo, mzaliwa wa mtaa wa Kuze humo humo, aliyewasindikiza wageni wa ofisini kwake kutoka Nairobi.

Kituo cha tatu kilikuwa mlango mmoja huko huko Kuze, ambapo mama mmoja huuza mahamri na mbaazi za nazi. Kiongozi wa ziara alieleza nazi inavyokunwa, kisha akaeleza na umri wa mlango. Yule bwana alisimama nyuma kabisa, ameinamia simu.

Mama akagawa sahani tano. Ya sita akabaki nayo mkononi.

"Shikamoo, shangazi," bwana akasema polepole.

"Marahaba. Nyumba hii waijua tangu hujaota meno. Leo waletwa na mtu wa kukuonyesha njia?"

"Ni kazi, shangazi."

"Kazi naijua. Ingia ndani ukae."

Kiongozi akatazama saa, akauliza kama tumsubiri.

"Nendeni," mama akasema, akiifunika sufuria. "Huyu amefika."

Tukaenda kunywa kahawa bila yeye. Njiani nilimuuliza kiongozi, kama mtu asiye na haja, iwapo ziara yake hupita Bondeni, ambako shangazi yangu hukaanga viazi karai barazani pake. Akasema haipiti. Nikamwambia njia yake ni nzuri sana, asiibadilishe.