Vumbi la Madirisha ya Hospitali Kongwe

Dada zangu, mmeniomba niseme namna nilivyougua na nilivyopona. Nitasema yote, hata habari za choo, maana kuona haya ndiko kulikonichelewesha.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima, mnene kidogo, mpenda kula. Tulikaa Garland, mji wa jirani na Dallas, Marekani, mimi na mume wangu Hamadi, katika fleti ndogo ya juu. Unguja Hamadi alikuwa seremala, na mwishoni mwa miaka ya tisini alipata kazi Dallas. Kulikuwa na hospitali ya umma ya zamani, ya matofali mekundu, iliyofungwa miaka mingi ikabaki na njiwa. Wapo waliotaka ibomolewe, wengine wakakataa, mwisho ikaamuliwa itengenezwe ibaki na sura yake ileile. Hamadi akapewa madirisha: kukwangua rangi kuukuu, kupiga msasa, kubadilisha mbao zilizooza.

Aliipenda kazi ile mpaka nikawa namtania kwamba ameoa mke wa pili. Kwetu alizoea kuona nyumba za kale zinaporomoka na wenyewe wanatazama. Kila jioni alikuwa na hadithi. Leo yuko kwenye roshani walikolazwa wagonjwa wa kifua kikuu wapate hewa. Leo yuko wodi ya wazazi ya chini kabisa, walikotengwa wanawake weusi enzi zile.

"Zuhura, watu wangapi wamezaliwa mle," aliniambia, akilitazama tumbo langu. Nilikuwa na mimba changa, baada ya miaka saba ya kungoja.

Kazini walipewa nguo za kazi, wakaambiwa waziache hukohuko zifuliwe kwa mashine, zote pamoja. Hamadi akisali adhuhuri palepale, na hakutaka kusimama mbele ya Mola na nguo zilizochanganywa na za watu asiojua wamegusa nini. Akazileta nyumbani, nami nikaona sawa kabisa. Hata mashine za mtaani sikuziamini, maana watu walifulia humo matandiko ya mbwa. Nikizikung'uta kwanza, vumbi jeupe likinijaa usoni, kisha nikizifua kwa mikono kwenye hodhi la bafuni na kuzisuuza mpaka maji yatakate. Hakuna aliyetueleza kwa nini ziachwe kazini. Tulidhani ni taratibu zao tu.

Ugonjwa ulianza na ladha mdomoni, kama mtu aliyelamba msumari. Likaja tumbo, likinisokota hadi najikunja sakafuni. Choo kikafunga. Nikijikamua mpaka jasho linatoka, hakuna kitu. Mama mkwe akaniambia kwa simu kwamba huyo ni mtoto wa kiume, hao huwa wakorofi tangu tumboni. Nikacheka. Kliniki daktari alikuwa mwanamume, nikaona haya, nikamwambia sijambo.

Mimba ilipofika mwezi wa tano ikatoka. Damu nyingi, na mtoto wa kike anayeenea viganjani. Vidole vyake vyote nilivihesabu. Alikuwa amefikia kupewa jina, tukamwita Salma. Hamadi alimkafini, akaenda kumzika na wanaume wachache wa msikitini. Mimi nilibaki kitandani na maziwa yanatoka.

Sikupona. Mkono wa kulia ukalegea, nikawa naangusha vikombe. Safari hii nilimweleza daktari yote kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka alikuja na nesi Mkenya aliyekaa Cedar Hill, hukohuko karibu na Dallas, jina lake Wanjiru, atutafsirie.

"Dada, uko na lead kwa damu," akasema. "Ni madini ya risasi, ile sumu ya rangi za kitambo. Nani kwenu ana-work na rangi?"

Nikasema hakuna, mume wangu ni seremala, anatengeneza madirisha.

"Na nguo zake huosha nani?"

Hamadi alikuwa ameketi pembeni na shati lake la kazi, jeupe pe, nililolifua mwenyewe. Aliinuka, akaenda kulivua chooni, akarudi na fulana. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba sumu ile ndiyo iliyomtoa Salma, lakini hakusema kwamba siyo.

Nikapewa vidonge vinavyonuka mayai viza, vya kuitoa sumu kwa mkojo. Hamadi naye akatibiwa. Mkono ukarudi polepole, tumbo likatulia, nikaanza kula. Mimba haikuingia tena.

Jengo lilipofunguliwa nilikwenda, na nilikwenda na hasira zangu. Nikayakuta madirisha ya Hamadi yanang'aa. Kule wodi ya chini alikuwepo bibi mmoja mweusi na mkongojo wake, anawaonyesha wajukuu mahali alipozaliwa. Akaniuliza kama nami nina mtu wangu humu.

"Ninaye," nikamwambia. "Binti yangu."

Akanishika mkono, tukasimama pale. Hasira hazikuisha, lakini sikutamani tena libomolewe.

Namshukuru Mungu aliyenibakisha, na daktari, na Wanjiru ambaye mpaka leo hunipigia simu. Nanyi dada zangu, choo kikifunga semeni, msione haya. Nguo za kazi ziachwe kazini, na mtu akiambiwa aziache aulize kwa nini. Mume akirudi na vumbi, avue mlangoni, aoge, ndipo ampakate mtoto.