Majivu Juu ya Mchanga

Fundi aliyeniita mwizi alikuwa anapima kwa hatua. Aliutembea uwanja wa nyuma kutoka ukutani hadi kwenye tangi la maji, akaukata tena kwa upana, akazidisha kichwani, kisha akampigia simu mwenye lori. Ndivyo alivyokadiria kila kazi, na kwenye ardhi ngumu mara nyingi alipatia. Lakini ule uwanja wa Nyamitanga, mtaa wa mji wa Mbarara, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mwalimu mstaafu, ulikuwa shamba la migomba hadi juzijuzi.

Mimi nilikuwa kibarua wake. Shule niliiacha mapema, kwetu Kivu ya Kusini, na tangu hapo sijui kukaa mahali pamoja. Nimechoma matofali, nimeuza samaki, nimeosha pikipiki. Kazi ya kutandaza uwanja ilinipendeza kwa sababu ni ya tabaka: chini changarawe ya kushindilia, juu yake mchanga, juu kabisa yale matofali ya saruji ambayo Mbarara wanayaita peva. Niliuliza maswali mengi. Fundi hakuyapenda.

Siku ya kumaliza, mchanga uliisha kabla ya kona ya jikoni. Fundi alitazama mahali lundo lilipokuwa, akaitazama kona, akamtazama mwenye nyumba aliyesimama mlangoni. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe mukimbizi, mchanga yangu umepeleka wapi?"

"Boss, niipeleke wapi? Ndani ya mufuko ya suruali?"

"Unaona, mama? Anajibu kama mwizi. Hawa watu ya kambi mimi nawajua."

Yule mama hakunifokea. Alisema kwa sauti ya darasani, "Toka kwangu, na usirudi," akanifungulia geti mwenyewe. Majirani walikuwa wameshaning'iniza vichwa juu ya ukuta. Nilivuka daraja la mto Rwizi na nguo za kazi mwilini, nikarudi kambini kwetu Nakivale. Mafundi wa Mbarara huambiana, na kibarua aliyeitwa mwizi wa mchanga hapewi koleo tena na mtu. Sikupewa. Nilimchukia fundi yule nikilima, nikila, na nikisali.

Kisha shangazi yangu akaongeza chumba nyumbani kwake, pale palipokuwa na mihogo. Sakafu za kwetu ni za udongo: unaumwaga, unaunyeshea maji, majirani wanakuja kuukanyaga kwa nyimbo. Asubuhi tuliujaza hadi kwenye alama ya ukutani. Jua lilipopanda, alama ilikuwa juu na sisi tuko chini.

"Tantini, udongo imeenda wapi?"

"Imeenda wapi? Si iko chini ya miguu yako! Fasi ya shamba iko laini, iko na njaa. Inakulaka udongo mingi. Leta ingine, uache kushangaa sawa mbuzi!"

Wengine waliendelea kuimba, mimi nikasimama. Niliikumbuka ile migomba ya Nyamitanga. Tulipoishindilia changarawe, ilizama, na mchanga ukashuka kujaza pengo. Fundi alikadiria urefu na upana na kina, akasahau kwamba vitu hushuka. Mwizi wake alikuwa chini ya peva, na bado yuko pale.

Nikawa na jibu, lakini jibu bila watu wa kulisikia halina kazi. Nikangoja.

Sikungoja sana. Nilisikia fundi amepata kazi ya uwanja Rwekubo, mji mdogo karibu na kambi, nyuma ya hoteli ya mzee mmoja wa kwetu aliyetaka wateja wake wanywe chai nje bila kukanyaga matope. Nyuma pale palilimwa mahindi kila msimu. Nilikaa na chai yangu nikamtazama fundi akipima kwa hatua zake. Ningeweza kumwonya mzee. Sikumwonya. Nilimwomba ruhusa moja tu: kila jioni ninyunyize majivu juu ya lundo la mchanga. Nakivale tunafanya hivyo mtu akiacha maharage yake nje, kwa sababu mkono ukichota, majivu yanasema.

"Ya nini tena?" mzee aliuliza.

"Papa, mchanga ya huyu fundi iko na tabia ya kupotea."

Fundi alinitambua, akacheka hadi akashika kiuno. "Ati mwizi ndiyo mulinzi! Tazama mukimbizi anabatiza mchanga!"

Wateja walicheka. Nilicheka nao, nikanyunyiza.

Kila asubuhi niliwaita waje na vikombe vyao waone. Majivu yalikuwa mazima, na nyayo za kuku tu. Kazi ilipokaribia mlango wa choo, mchanga uliisha. Mdomo wa fundi ulifunguka. Niliona neno linakuja. Akawatazama watu, akaufunga.

"Semaka, boss. Nani ameiba?"

"Hakuna mutu ameiba."

"Labda kuku!" mteja mmoja alipaza sauti.

"Imeingia chini," fundi alisema, akitazama koleo. "Udongo ya hapa laini. Mimi sikuhesabu hiyo."

"Na Nyamitanga?"

Akainama kuokota koleo. Nikamtaka ampigie simu yule mama, sauti ikiwa wazi tusikie wote. Alikataa. Mzee akaweka kikombe chini: "Mupigie. Ao ukusanye vyombo vyako uende."

Akapiga.

"Mama, yule kijana ya mchanga…"

"Yule mwizi?"

"Hakuiba, mama. Mimi ndiyo nilikosea kukadiria."

 Kisha ikaja sauti ya darasani. "Ukanifanya nimfukuze mtoto wa watu kwa kosa lako? Kesho utakuja hapa. Nitawaita majirani wale wale, na utasema hivyo hivyo."

Hoteli nzima ilipiga kelele. Hilo la majirani sikuwa nimeliomba. Lilikuwa nyongeza, na niliipokea kwa mikono miwili.

Fundi alitia simu mfukoni. Baadaye aliniuliza, bila kunitazama, tuongeze toroli ngapi za mchanga. Nilijua. Siku zote zile nilikuwa nikichomeka kijiti ardhini na kutazama panavyoshuka.

"Pima kwa hatua," nikamwambia.

Kesho yake nilimtangulia Nyamitanga. Yule mama alinifungulia geti mwenyewe, kama siku ile. Nikaenda kusimama kwenye kona ya jikoni, juu ya mchanga niliodaiwa kuuiba, nikamngoja fundi.