Mlango wa Kina Zena

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi, majirani zetu wote walipoteremka mlimani kwenda kukaa kijiji cha ujamaa. Bibi, aliyenilea tangu mama alipofariki, aliomba tubaki mpaka tuvune maharage. Wakamkubalia. Asubuhi moja nikaamka, na upande wetu wote ule wa Uluguru hapakuwa na jogoo anayewika ila wa kwetu.

Rafiki yangu Zena naye alikuwa ameondoka. Nilizoea kwenda kukaa kwenye baraza yao tupu, kisha narudi. Nikajikuta naongea na kuku. Tulikuwa na mitetea watatu, wakitagia vichakani, na nguchiro akiyawahi mayai kabla yetu. Basi siku moja nikaung'oa mlango wa jikoni kwa kina Zena, uliokuwa umebaki unaning'inia kwa bawaba moja, nikaukokota hadi nyumbani.

Misumari niliinyoosha juu ya jiwe. Mbao nilizikata kwa panga, vibaya, nikaunga masanduku matatu ya kutagia, kila moja na kizingiti kidogo mbele ili yai lisibingirike. Ndani nikatandika majani makavu ya mgomba.

Bibi aliporudi shambani alisimama akiyatazama.

"Mbao hizi umezitoa wapi?"

"Kwa kina Zena. Wameziacha, Bibi."

"Mbao za nyumba iliyohamwa hazikai na watu, mjukuu wangu. Ukiziingiza kwako, zitaondoka na mtu. Wazee wetu hawakuzitumia hata kwa kuni."

Nilimwomba aniachie. Akaingia ndani na jembe lake. Kesho yake mtetea mwekundu alitaga humo, na Bibi mwenyewe ndiye aliyeliokota lile yai, bado lina joto, akanipa nilishike.

Wiki chache baadaye baba akaja. Alikuwa dereva mjini Morogoro, na nilikuwa nimemwona mara mbili tatu tu. Alimwamkia Bibi shikamoo, akanywa uji, akasema amepanga chumba Kilakala tangu miezi miwili iliyopita, na shule iko karibu. Kisha akanigeukia.

"Utapenda kwenda?"

"Ndiyo," nikasema. Sikumtazama Bibi kwanza.

Bibi alikuwa ameinamia ungo wake wa maharage. Alichambua kidogo, halafu akasema, "Ni zile mbao. Nilikwambia."

Alirudia maneno hayo alipotusindikiza hadi mtoni: nisilie, si mimi, ni zile mbao. Nikamwamini. Nilitembea nyuma ya baba nikiuchukia mlango wa watu, na chuki ile ikanifikisha mjini bila kugeuka nyuma. Bibi alifariki masika yaliyofuata, akiwa bado kule juu, kabla sijapanda kumwona. Aliyemkuta ni mwanamke aliyekuwa amepanda kutoka kijijini kumpelekea chumvi.

Watu huniuliza kama naamini mambo hayo, nami hujibu kufuatana na anayeuliza. Ninalojua ni kwamba chumba kilishapangwa kabla sijaugusa mlango ule, na Bibi alikuwepo baba aliposema hivyo. Alisikia pia jinsi nilivyoharakisha ile ndiyo yangu. Hakutaka mtoto aondoke amebeba jambo kama hilo. Akazitupia mbao lawama, akanishika kichwa, kisha akageuka kupanda mlima ambako hakukuwa na mtu wa kumngoja.