Maji ya Kumwogesha Mtoto wa Neema

Niliondoka Karuba kwa sababu ya simu ya mdogo wangu Neema, aliyeolewa Kibua. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, lakini nilisikia analia. Mama mkwe wake, Mama Furaha, alitaka mtoto aogeshwe mtoni kabla ya kupewa jina, kama ilivyo desturi ya ukoo wao. Neema alikataa. Upande wa juu wa mto huo kuna kituo cha afya; maji yake machafu husafishwa kwenye mabwawa, kisha huachiwa mtoni. Na mtoto wake wa kwanza alikufa kwa kuhara.

"Dada, weye njo unatumikaka mu laboratwari," aliniambia, maana kazi yangu ni kupima maji maabara. "Kuya utuambie kama ile mayi iko mubaya."

Asubuhi nilipanda pikipiki na vichupa safi na vibao vyembamba vya kupimia. Maji yakiwa na vijidudu vya kinyesi, kibao huota vidoa vya buluu. Tulipita Mushaki ng'ombe wakikamuliwa ukunguni. Masisi mjini nilikula viazi na jibini. Baada ya Nyabiondo barabara iliingia msituni, na mara nyingi nilishuka kusukuma pikipiki kwenye tope.

Jioni, Kibua. Neema alinikumbatia. Mama Furaha alinipokea begi, akaniwekea ndizi na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa.

"Kula kwanza, mama. Mambo ya muto tutaongea kesho."

Kesho yake tuliufuata mto kwenda juu sisi watatu, mtoto mgongoni mwa Neema. Nilichota maji penye bomba linalomwaga maji ya kituo, kisha, tukishuka, chini ya mawe ambako mto unaruka, kisha pale unapotanda juu ya mchanga kwenye jua. Mwisho nilichota pale ukoo unapoogea. Nilidondosha maji ya kila mahali kwenye kibao chake; vibao vilihitaji joto la mwili hadi siku ya pili, nami sikuwa na mashine ya kuvipasha.

"Leta hapa," alisema Mama Furaha. "Hii tumbo ilibeba batoto saba. Haiwezi kushindwa na hivi." Akavifunga ndani ya kitenge chake, akalala navyo.

Asubuhi tulivifungua mlangoni. Kibao cha bombani kilijaa vidoa. Cha chini ya mawe vilipungua, cha mchangani vilipungua zaidi. Cha pale wanapoogea, kimoja huku, kimoja kule.

"Munaona?" Mama Furaha alicheka. "Muto inajuaka kujisafisha."

Ilikuwa kweli, na nilimwambia hivyo. Jua huviua vijidudu, mchanga huvikamata, wadudu wadogo wa majini huvila, na vingine hufa tu kwa kukaa mbali na joto la tumbo. Lakini mvua ikichafua maji, jua haliingii, na mto unashindwa. Neema alikuwa ananitazama. Ilinibidi nimalize.

"Kwa muntu mukubwa, kuoga haina shida. Kwa mutoto mwenye kitovu hakiyakauka, bado iko hatari, Mama."

Mama Furaha alikigeuza kibao mkononi.

"Na tukiichemusha, itabakia mayi ya muto?"

"Itabakia."

Tulishuka mtoni. Alichota mwenyewe, akawasha moto ukingoni, akayachemsha, akasubiri maji yapoe, akayajaribu kwa kiwiko. Ndipo Neema akamkabidhi mtoto. Mama Furaha alimwogesha polepole, kichwa kwanza, huku akimwita kwa sauti ndogo yule mjukuu aliyekufa, akimwambia kwamba mdogo wake amefika salama. Neema hakuwa amewahi kumsikia akilitaja jina hilo tangu mazishi. Alipiga magoti kando yake, akashika miguu ya mtoto, wakamalizia pamoja.

Nilirudi Karuba siku iliyofuata. Nilikuwa nimekwenda kuamua nani ana haki, nikakuta wote wawili wanamwogopea mtoto mmoja. Na nilijifunza kwamba mto hujitibu ukipewa nafasi, ila mtu lazima ajue unapochoka.

Siku hizi Mama Furaha ndiye anayenipigia simu. Ananieleza mvua imenyesha, maji ni mekundu, na leo hakuna mtu wa nyumba yake anayekwenda kuchota.