Masale ya Mradi

Nianze kwa kukiri kabla hamjasikia kwa wengine: masale yale niliyapanda mimi. Kwa mikono yangu hii, mchana kweupe, nimevaa fulana ya mradi yenye picha ya mlima mgongoni. Mtu akikwambia mradi uliharibika kwa sababu wageni hawajui mila za Wachagga, mwambie aje anione mimi, mzaliwa wa Marangu, niliyezijua na nikanyamaza.

Ofisi yetu ilikuwa Majengo, ghorofani, juu ya fundi cherehani. Bango la mlangoni lilisema tunajenga uchumi wa uhifadhi pamoja na jamii za asili. Kwa Kiswahili cha kawaida, maana yake ni kwamba watu wa kando ya vijito waache kulima mpaka kwenye maji, waiachie miti ikue, na wao wapate mizinga ya nyuki na watalii wa kuwatembelea. Wazo si baya. Hata leo nasema si baya. Ubaya ulikuwa sisi.

Kiongozi wetu alikuwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu vya kupandia mlima ambavyo sikuwahi kuviona vikitoka nje ya lami. Kwenye warsha ya kwanza aliwaonyesha wenyeji picha ukutani: kahawa chini, migomba juu yake, miti mirefu juu ya migomba, na ng'ombe zizini. "Huu ni mfumo wa matabaka," akasema. "Tunataka mjifunze." Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, huyo ng'ombe ni wangu. Mlimpiga picha lini?" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mtaalamu akaandika kwenye daftari lake kwamba ushiriki wa jamii ulikuwa mzuri.

Mtu wa kwanza kujiandikisha alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Ndoa ilimshinda zamani akarudi nyumbani, na babu akamwonyesha kipande cha chini cha kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kuanzia kwenye kibanda cha ng'ombe mpaka kijitoni. Alimwonyesha kwa kidole tu. Karatasi haikuwepo wala mpaka haukuwekwa, maana nani alikuwa na habari ya kumpimia binti ardhi? Shangazi alijenga chumba chake hapo, akafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na majani ya ng'ombe huyo yote yalitoka kule chini karibu na maji. Juu yake anaishi baba mdogo, ambaye jicho lake halijawahi kuondoka kwenye kipande kile tangu babu azikwe.

Tulikubaliana na shangazi vizuri kabisa. Kando ya kijito hatalima tena, ila majani atakata, mizinga atatundika kwenye mti wake mkubwa wa mringaringa, na ardhi itabaki yake. Kilichobaki kilikuwa kuweka alama ya pale ukanda wa uhifadhi unapoanzia.

Hapo ndipo mtaalamu alipopata ufunuo. Amesoma mahali kwamba Wachagga wana mmea wao wa heshima, unaitwa isale, wingi wake masale. Tuutumie kuwekea alama! Ni wa asili, ni rafiki wa mazingira, na wafadhili wanaokuja Alhamisi wataupenda. Nikamwuliza kama tusingeweza kutumia mawe. Akaniambia mawe hayana utamaduni.

Sasa, huku kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba masale ndiyo mpaka wa kihamba. Yakishapandwa mbele ya watu, huku ni kwako na kule ni kwa mwenzio, na mtu akiyang'oa anatafuta laana. Nilitakiwa niseme. Lakini wiki hiyohiyo mtaalamu alikuwa ameniandika kwenye kijitabu cha mradi, pamoja na picha yangu, kuwa "mtaalamu wa maarifa asilia". Jamani, cheo kitamu! Nilikinunulia hata miwani. Mtu mwenye cheo kama hicho anaanzaje kumwambia bosi wake kwamba anakosea mbele ya wafadhili? Nikajisemea, ah, watu wataelewa, haya ni ya mradi tu.

Siku ya kupanda baba mdogo alifika kabla yetu. Alituletea miche ya masale kutoka kwenye ua wake mwenyewe, bure, akashika na jembe. Nikadhani uhifadhi umemwingia moyoni. Shangazi alisimama akitazama mstari ukikatiza kipande chake katikati, chumba na kibanda vikibaki juu, majani na maji vikibaki chini. "Mwanangu," akaniuliza, "masale, hapa?" Nikamwambia, "Ya mradi tu, shangazi, usiwe na wasiwasi." Akaniangalia kidogo. "Haya, wewe ndiye uliyesoma." Akanishikia mche nikaufukia.

Haikupita wiki mbili, baba mdogo akamkuta shangazi kule chini na mundu wake, akamwambia kwa upole kabisa kwamba amevuka mpaka, na kuanzia masale kwenda chini ni kwake yeye mwenye miche.

Ukoo ukakaa kikao, na mbege ikaletwa, maana hata dhuluma huku inahitaji kinywaji. Shangazi hakusema mengi. Alisema baba yake alimpa, basi. Wazee wakanigeukia mimi.

"Nani alipanda masale?"

"Mimi."

"Mwenye shamba alikuwepo?"

"Alikuwepo, lakini..."

"Ulikuwa hujui masale ni nini?"

Nilifungua mdomo kusema sikujua. Ningesema, naapa ningesema uongo huo na ungemwokoa. Baba mdogo akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kijitabu cha mradi, akakifungua kwenye picha yangu na kumpa mzee mwenye macho mazuri asome kwa sauti. Mtaalamu wa maarifa asilia. Mzee alisoma mara mbili. Kikao kikaisha hapo, kipande cha chini kikahesabiwa cha baba mdogo, na wakati wa kutoka alinishika bega akaniambia, "Asante sana, mwanangu." Nilitamani kumtapikia.

Nilimpigia mtaalamu, nikalia kwenye simu. Alinisikiliza kwa makini, halafu akapendekeza warsha ya utatuzi wa migogoro. Nikamwomba aje awaambie wazee kwamba lilikuwa kosa letu. Akasema mradi hauingilii mambo ya kifamilia. Kwenye ripoti ya robo mwaka aliandika kwamba jamii imezipokea alama za asili kwa heshima kubwa, na hakuna hata moja iliyong'olewa. Ni kweli tupu. Baba mdogo alikuwa anazimwagilia maji kila jioni. Kule ng'ambo ya alama hizo alikata mringaringa akapasua mbao, akalima, akapanda kabichi mpaka maji yanapogusa udongo. Niliacha kazi mwezi uliofuata, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Ndipo nikakumbuka kwamba mila ina dawa. Kwetu ukimkosea mtu, hata kosa liwe la damu, unampelekea isale mkononi, na yeye haruhusiwi kukataa. Nikakata moja nyuma ya nyumba ya mama, nikashuka nalo asubuhi, moyo umeanza kuwa mwepesi hata kabla sijafika. Nilimkuta shangazi kwenye kibanda, anamlisha ng'ombe migomba iliyokatwakatwa kwa sababu majani hakuna. Ng'ombe alikuwa amekonda mbavu zinahesabika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nikapiga magoti palepale kwenye samadi, nikamnyooshea lile isale. Nililia tu. Shangazi akaitua migomba chini. Kisha akajifuta mikono kwenye khanga, akalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe," akasema. "Ningefanyaje?"

Nikaanza kumshukuru. Akaninyamazisha kwa kutikisa kichwa.

"Yale ya kwanza uliyapanda, yakanichukulia shamba. Nikabaki na hasira yangu, hiyo angalau ilikuwa yangu. Leo umekuja na hili kuichukua na hiyo."