Soundbar iliyomrudisha baba mkwe wangu sebuleni, hapa Kampala

Habari za mida hii wakuu.

Kwenye jukwaa hili mimi ni yule mtu wa kusoma kimya kimya, nachukua ushauri wa TV na friji halafu napita zangu. Leo zamu yangu.

Ninayoandika yametokea sebuleni kwangu. Chumvi sitaongeza, maana mke wangu ni polisi na ameshaomba kuusoma huu uzi kabla sijaupandisha.

Kwa wasionijua, mimi ni Mkenya, mtu wa Kakamega, niko sales kwenye kampuni moja ya vifaa vya ujenzi huku Nakawa. Mke wangu Zaituni ni wa hapa Uganda, kwao Arua. Tumepanga Kabalagala, nyumba nzuri tu, ila ukuta mmoja ni wetu na wa jirani.

Na tunaishi na baba mkwe, Mzee Ramadhani. Ni mwanajeshi mstaafu, alikuwa kwenye mizinga. Mama mkwe alipofariki, Zaituni hakutaka baba yake abaki peke yake kule, tukamleta Kampala.

Mimi Kilugbara, lugha ya kwao, sijui hata salamu vizuri, na Kiingereza cha Mzee ni cha kutoa amri. Kwa hiyo kilichotuunganisha ni Kiswahili. Chake ni kile cha kambini, hakina habari na ngeli. Mwanzoni nilikuwa nacheka moyoni. Siku hizi nakiongea hadi kazini, na nyumbani ndiyo lugha yetu sote, hata Zaituni na baba yake wakiwa mbele yangu.

Raha yetu ilikuwa taarifa ya habari. Tunakaa, chai mkononi, Mzee anabishana na kila waziri anayetokea. Mtu asipopafahamu mahali panapotajwa, Mzee anamweleza, maana karibu kila kona ya nchi hii alishawahi kupiga kambi.

Sasa, ile TV yetu ya zamani, yenye mgongo, ikafa. Nikanunua flat, kubwa, nyembamba, picha kali mpaka unaona jasho la mtangazaji. Nilijiona mwanaume kweli.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na hakuna aliyegundua kwamba ni hapo.

Kwanza ikawa volume. Mzee anapandisha, Zaituni anashusha, Mzee anapandisha tena. Jirani yetu, Mama Shamim, akaja kugonga mlango. Wakuu, Kabalagala ni mtaa wa baa. Mtu wa Kabalagala akija kulalamikia TV yako, jua hali ni mbaya.

"Jirani, mimi baa nimezizoea," alisema. "Lakini taarifa yenu ya habari naisikia nikiwa bafuni."

Mwenye nyumba naye akapiga simu.

Tukamwambia Mzee apunguze. Akapunguza kweli, mwanajeshi akiambiwa anafanya. Ila kuanzia hapo akawa anaangalia kidogo tu, anasimama, anaenda chumbani kwake. Chai ananywea huko. Msikitini alikuwa na kawaida ya kubaki na wazee wenzake baada ya swala wanapiga stori, hiyo nayo akaacha. Anaswali, anarudi, anafunga mlango.

Halafu zikaanza kauli za ajabu.

Siku moja Zaituni alimwita kutoka jikoni, "Baba, chai tayari!"

Mzee akatoka amevaa viatu. "Safari? Nani nakwenda safari?"

Tulicheka. Ila ikawa inajirudia. Unamuuliza hili, anajibu lile. Zaituni akimwongelesha, mara nyingine anatingisha kichwa tu na kutabasamu, unaona kabisa hajaelewa kitu.

Kilichotutisha ni siku ya maharage. Zaituni aliyaweka kwenye sufuria ya presha, akamwomba baba yake azime jiko ikipiga filimbi, akatoka kidogo dukani. Kurudi anakuta jikoni kumejaa mvuke, sufuria inapiga filimbi kama kichaa, na Mzee amekaa sebuleni ametulia tuli.

Jioni ile Zaituni alilia. Akaniambia, "Baba Neema, baba yangu akili zinaondoka. Bibi yangu alianza hivi hivi."

Akampigia kaka yake Arua. Wakakubaliana kaka aje mwisho wa mwezi amchukue Mzee, akae kwake kaka, kwenye boma ambako kuna watu wengi wa kumwangalia mchana. Sisi wote tunashinda kazini, na nyumba ingeweza kuungua.

Mimi sikupinga. Ningepinga kwa lipi? Lakini roho iliniuma. Yule mzee nilimzoea.

Sasa Jumamosi moja mchana, Zaituni yuko zamu, mtoto wetu Neema yuko kwa rafiki yake. Niko sebuleni na TV inaongea. Mzee akatoka chumbani, akakaa karibu nami.

"Mkwe," akasema. "Mimi nauliza wewe kama mwanaume. Kichwa yangu naharibika?"

Nikamgeukia, yeye akaendelea.

"Nyinyi naongea huko jikoni pole pole. Mimi naona midomo tu. Hata hii TV, watu nafungua mdomo, maneno nakuja kama iko ndani ya blanketi. Mwanaume, kidogo nasikia. Mwanamke, hapana kabisa."

Akaongeza, sauti imeshuka, "Zaituni mimi hapana sikia yeye tangu zamani. Naogopa kumwambia. Atasema baba amekwisha."

Wakuu, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Mimi nilikuwa najisifu kwamba naelewana na Mzee kuliko binti yake. Kumbe sauti yangu ni nzito tu! Mimi ananisikia, mtoto wake hamsikii.

Zaituni aliporudi nilimweleza hata kabla hajavua kofia. Alikaa kwenye kochi na uniform yake, akaanza kupiga simu kutafuta daktari wa masikio.

Wiki iliyofuata tukampeleka kwa daktari wa masikio. Wakamwingiza kwenye kile chumba kidogo, wakamvalisha headphone, akawa ananyoosha mkono akisikia mlio. Ile milio mizito alikuwa ananyoosha kama mwanafunzi hodari. Ikifika ile myembamba, mkono unabaki pajani. Sisi tulioko nje ya kioo tunaona taa ya mashine ikiwaka kila mlio unapotoka, yeye hana habari.

Daktari akatueleza kwa lugha rahisi. Mizinga ilimmaliza masikio miaka mingi nyuma, na uzee umeongezea. Sauti nzito zimebaki, nyembamba zimekufa. Ndiyo maana filimbi ya sufuria haikumfikia. Ndiyo maana herufi kama s, f, t na sh zinampotea, "tayari" inageuka "safari". Na ndiyo maana sauti za wanawake zinamshinda.

Zaituni akauliza lile swali lililomleta. "Na akili zake, daktari?"

"Tumeongea naye sana, na vipimo vya kumbukumbu nimempa. Akili zake ziko sawa. Amenisahihisha hata njia ya kwenda wilaya ya Moyo."

Zaituni alitoka hadi kwenye korido akalia tena, ila safari hii kilio kilikuwa cha kushusha mzigo.

Daktari alishauri vifaa vya kuvaa masikioni. Mzee akakataa katakata. "Mimi si mgonjwa." Basi daktari akasema tuanze na tunachoweza. Tukiongea naye tumtazame usoni. Na kwa TV, tutafute spika inayotoa maneno safi, kwa sababu hizi flat spika zake ni ndogo na zimewekwa kwa nyuma, zinaongea na ukuta.

Hapo wakuu ndipo ninapoingia kwenye soundbar, ile spika ndefu ya kukaa chini ya TV. Samahani kwa utangulizi mrefu.

Kesho yake nikashuka mjini, maduka ya electronics upande wa Kikuubo. Unapita katikati ya watu na mabox vichwani mpaka unasahau ulichofuata. Muuzaji mmoja, wanamwita Ssalongo, akanidaka.

"Boss, soundbar? Hii ndiyo nasumbua town. Olijino kabisa, si feki. Sikia bass."

Akaweka muziki. Subwoofer, ile spika yake ya bass, ikanipiga kifuani, watu wakageuka. Nikasema hii ndiyo yenyewe, Mzee atasikia hadi na mifupa.

Nikaifunga nyumbani kwa mbwembwe. Taarifa ya habari ikaanza.

Jamani. Ilikuwa ngurumo tupu. Gari likipita kwenye habari, vikombe vinacheza kabatini. Mtangazaji akiongea, ni kama yuko ndani ya pipa. Mzee alivumilia kidogo kwa heshima, akaniambia, "Mkwe, asante. Hii iko kama mizinga. Mimi nimetoka huko." Akaenda chumbani.

Mama Shamim hakugonga mlango safari hii. Aligonga ukuta.

Nilikuwa nimekosea hivi: nilinunua kwa masikio yangu, na kwa muziki. Tatizo la Mzee halikuwa sauti ndogo. Sauti nzito anazo tayari, kinachompotea ni maneno. Mimi nikamwongezea kile kile alichonacho.

Nikaingia humu jukwaani kusoma nyuzi zenu. Nikajifunza kuna soundbar zenye spika ya katikati ya peke yake, kazi yake ni maneno tu. Kwenye box utaona zimeandikwa namba inayoanzia na tatu, kama 3.1. Zile zinazoanzia na mbili nyingi hazina hiyo ya katikati. Na kuna zenye kitufe cha kuinua sauti za watu na kushusha makelele mengine.

Nikampigia Ssalongo, akakubali nirudishe kama box halijachanika. Halijachanika. Ila safari hii nikasema mwenye masikio aende mwenyewe.

Tukaenda watatu. Zaituni alitoka zamu moja kwa moja na uniform yake, na Ssalongo alipomwona akawa mpole ghafla. Viti vikatafutwa. Soda ikaletwa.

Kwa mazoea akaweka muziki. Mzee akanyanyua mkono kama anasimamisha gari.

"Funga ngoma. Weka mutu naongea."

"Mzee, lakini kwa muziki ndiyo unajua nguvu..."

"Ngoma mimi hapana taka. Weka mutu. Weka mwanamke."

Duka zima likacheka, yeye hakucheka. Ssalongo akatafuta kwenye simu taarifa ya habari ya Kiswahili, mtangazaji mwanamke, akaiunganisha.

Soundbar ya kwanza, Mzee akatingisha kichwa. Hapana.

Ya pili, hapana. Hiyo ilikuwa ya bei kali kuliko zote dukani, na nzuri kwa sura.

Ya tatu ilikuwa ya kawaida, haina mbwembwe, ila ina hiyo spika ya katikati. Ssalongo akabonyeza kitufe cha sauti za watu, nami nikamwomba ashushe bass mpaka chini. Sauti ikawa nyembamba, kwangu mimi hata haikupendeza, kama redio ndogo.

Mzee akafumba macho.

Halafu akaanza kuongea, taratibu, nyuma kidogo ya mtangazaji. "Nasema... shule nafunguliwa. Nasema wazazi hapana safirisha watoto usiku. Nasema mvua iko nanyesha sana Kasese."

Alirudia kila sentensi. S, f, sh, zote zimo.

Watu dukani wengi hawakujua kinachoendelea, ila waliona afisa wa polisi kajifunika uso kwa kofia yake.

Mzee akafumbua macho, akamwangalia Ssalongo. "Hii. Funga kwa box."

Nyumbani nilifanya vitu vichache, niviseme kwa atakayehitaji. Niliunganisha kwa ile port ya HDMI iliyoandikwa ARC, remote moja ikatosha, Mzee hasumbuki. Nikazima spika za TV zenyewe, maana zote mbili zikiongea pamoja zinafanya mwangwi. Nikaitoa soundbar ndani ya kabati nikaiweka mbele kabisa, haina kitu kinachoizuia. Bass chini, kitufe cha maneno kiko on muda wote.

Sasa TV inaongea kwa sauti ya kawaida. Mama Shamim alinisimamisha getini akaniuliza kama tumeiuza.

Mzee amerudi sebuleni. Juzi alimbishia waziri mpaka chai ikapoa.

Zaituni alimpigia kaka yake, akamwambia asije kuchukua mtu, aje kusalimia tu.

Lakini kitu kilichonifanya niandike uzi huu kilitokea jana baada ya chakula. Mzee alizima TV mwenyewe, akamgeukia mke wangu.

"Zaituni. TV mimi nasikia sasa. Daktari ile, rudisha mimi kwake. Aweke ile kitu ya sikio."

Zaituni akamkaribia, akamtazama usoni kama tulivyofundishwa. "Baba, si ulisema hutaki?"

"Mutu ya TV mimi hapana jua yeye," Mzee akasema. "Wewe ndiyo mtoto yangu. Nataka sikia wewe."

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mzee wako akianza kujibu vitu visivyoeleweka, kabla hujasema akili zimekwenda, mpime masikio. Na ukienda kununua soundbar kwa ajili ya mtu, mbebe mtu mwenyewe, na uombe wakuwekee taarifa ya habari. Bass itakudanganya.

Sasa naomba msaada wenu. Mwenye mzazi anayetumia vifaa vya masikioni, hasa walioko Kampala au Nairobi, alizoea vipi siku za mwanzo? Na kwa mwanajeshi mbishi, unaanzia wapi? Nawasoma.