Mita kumi na tisa juu ya ardhi, Odette na kamba ya shemeji yake

Saa moja asubuhi, Odette Rodrigue anafunga mkanda wa kupandia kiunoni, anauvuta mara tatu, kisha anauinulia mti macho. Una urefu wa mita ishirini na sita. Majani ya upande wa kusini yameshaanza kuwa mekundu, na katikati yake zinaning'inia mbegu za kahawia, mbili mbili, kila moja na bawa lake.

Redio imetangaza upepo mkali kuanzia mchana.

"Tunazo saa nne," anasema Odette. "Labda tano."

"Labda tatu," anajibu Fernand Bolduc, macho yake yakiwa kwenye kamba ya usalama atakayomshikia kutoka chini.

Odette, 53, ni mchuma mbegu za mepo wa sukari, mti ambao utomvu wake hupikwa kuwa sharubati, katika milima ya Beauce, Quebec, nchini Kanada. Fernand ni shemeji yake. Miaka kumi iliyopita alishika kamba kama hii kwa ajili ya mdogo wake, Clermont, mume wa Odette. Tawi lilivunjika, kamba ikateleza, na Clermont akaanguka mita tisa. Tangu siku hiyo Clermont anatumia kiti cha magurudumu, na Fernand hajagusa kamba tena.

Mpaka leo. Mwanamke aliyezoea kumshikia Odette kamba ameteguka kifundo cha mkono wiki iliyopita.

"Nilipiga simu kwa watu saba," anasema Odette. "Fernand alikuwa wa nane."

Kuahirisha hakuwezekani. Mepo hauzai vizuri kila mwaka. Hukaa miaka minne au mitano bila kitu cha maana, halafu mwaka mmoja miti ya mlima mzima huzaa kwa pamoja. Mbegu zikishakauka, upepo wa alasiri moja unatosha kuzitawanya zote, na zinazobaki ni za kindi. Miaka isiyo na mbegu Odette hupika katika makao ya wazee. Mwaka wa mbegu, kitalu cha miche humlipa dola tisini kwa kilo.

Na mti huu si mti wowote. Viwavi walikula majani ya mlima huu misimu mitatu mfululizo, na miti mingi ikakauka kuanzia kileleni. Huu ulichipua upya kila mara. Kitalu kinataka watoto wake.

Saa tatu Odette yuko mita kumi na tisa juu. Anavuta tawi kwa fimbo yenye ndoano, anapukuchua mbegu kwa kiganja na kuzitia kwenye mfuko wa kiunoni.

"Shemeji, legeza! Umenianika kama nguo ya Jumapili!"

"Kaa hivyo hivyo."

"Nitachumaje nikiwa nimekabwa?"

Fernand analegeza kwa upana wa kiganja. Shati lake limelowa jasho, ingawa asubuhi ina baridi.

Saa nne haijafika, majani ya bonde la chini yanageuka yote kwa pamoja na kuonyesha migongo yao myeupe. Upepo umewahi.

"Shuka!"

"Tawi moja tu!"

"Odette, shuka nimesema!"

Anaunyoosha mkono. Tawi lililo chini ya mguu wake linapasuka kwa mlio kama wa bunduki. Anaporomoka, kamba inakaza, bega lake linapiga shina. Chini, Fernand anavutwa mpaka magoti yake yanagonga mizizi. Mikono yake haifunguki.

Fernand anapaza sauti.

"Uko hai?"

"Nipo. Bega tu."

"Basi nyamaza. Nakushusha."

Anamshusha kidogo kidogo, akisimama kila upepo unapovuma. Inachukua dakika kumi na tano. Miguu ya Odette inagusa ardhi, lakini Fernand bado ameng'ang'ania kamba, na inabidi Odette amfungue vidole kimoja kimoja.

"Tumefika, shemeji. Achia."

Fernand anaketi kwenye mzizi na kulia bila kuuficha uso. "Ilikuwa na umande siku ile," anasema. "Kamba. Nilitakiwa kuifuta. Miaka kumi nataka kumwambia."

"Kamwambie mwenyewe. Mimi sibebi maneno, nina mbegu."

Jikoni kwa Odette, Clermont anapasua mbegu kwa wembe, moja moja, akitafuta kiini cha kijani. Anamsikiliza kaka yake mpaka mwisho.

"Nilikuwa naning'inia pale, Fernand. Nilikuwa naiangalia mikono yako. Ngozi ya viganja vyako ilibaki kwenye kamba. Unaniambia habari za umande?" Anausukuma wembe upande wa pili wa meza. "Shika. Nisaidie."

Katika mbegu mia moja, arobaini na tatu zina kiini. Fernand anaona ni chache. Clermont anacheka: kwa kawaida katika kila jozi moja huwa tupu, kwa hiyo arobaini na tatu kati ya hamsini zinazotarajiwa ni baraka.

Zitalala kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kwa siku tisini, kwa sababu mepo huota kwenye baridi iliyo juu kidogo tu ya kiwango cha maji kuganda. Baadaye miche itavumilia kivuli kwa miaka. Mlimani ipo inayofika gotini tu na umri wake ni miaka ishirini, ikisubiri mti mkubwa uanguke ipate mwanga. Hadi shina linenepe kiasi cha kutobolewa kwa ajili ya utomvu, itapita miaka arobaini.

Odette, barafu ikiwa begani na bakuli la supu ya njegere mbele yake, hahesabu mbali hivyo. Yeye huhesabu misimu ya mbegu. Akiwa na miaka 58, mmoja. Akiwa na 63, mwingine.

"Nitapanda mtini misimu yote miwili," anasema.

"Mmoja," anasema mumewe.

"Miwili."

Fernand hanyanyui kichwa kutoka kwenye mbegu anayoipasua. "Kama ni miwili," anasema, "ninunulieni glavu za kushikia kamba."